Munkoyo Uliokataa Kulegea

Jogoo wa jirani hakuwa amewika bado Ngosa alipoteremsha miguu kitandani na kutafuta kandambili zake kwa vidole. Ulikuwa mwezi wa kumi, ule mwezi ambao Lubumbashi hulala na joto lake ndani ya kuta. Mijakaranda ya barabara ya kambi ya wafanyakazi wa shaba ilikuwa imemwaga maua tangu jana, kiasi kwamba alipofungua mlango wa nyuma hakuona udongo, aliona zambarau tupu. Akasimama kizingitini, hana haraka, akadhani kwamba angali ndotoni na kwamba mtu amemtandikia kitenge uwanja mzima.

Halafu akakumbuka kuwa ni Jumamosi, na kwamba nyungu inamngoja.

Barabara yao ilikuwa na shirika la sala, nyumba kumi na nne, na mara moja kwa mwaka padri alikuja kusoma misa uwanjani kwa mzee Anaclet, chini ya mabati yaliyoshikiliwa na reli za zamani. Baada ya misa watu walikunywa Kata Moja. Maana yake ni hii: munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, uliopikwa katika nyumba moja ulichotwa kwa kata moja ya kibuyu, na kata ile ilipita mkono kwa mkono, mwenye kutoa akimwita mwenye kupokea kwa jina lake la ubatizo. Majina yale yalikuwa yameondolewa kwenye vitambulisho tangu nchi ilipoanza kuitwa Zaire. Ofisini na hospitalini alikuwa Ngosa tu. Lakini siku ya Kata Moja mtu alimtazama machoni na kumwambia, "Constance, kunywa," na Ngosa alijisikia kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyobana.

Wiki ya Kata Moja hakuna nyumba nyingine ya shirika iliyopika munkoyo. Ndiyo kawaida. Na mwaka huu zamu ilikuwa yake.

Aliwasha makaa kwenye mbabula, jiko lake la bati, akapuliza mpaka yakawa mekundu. Akachemsha maji, akamimina unga wa mahindi kidogo kidogo kwa mkono wa kushoto huku mkono wa kuume ukizungusha mwiko, bila kuacha, bila kuzungumza, kwa sababu unga ukisikia umesahauliwa hutengeneza madonge. Uji ukawa mzito. Ukaanza kupumua, puu, puu, kama mtoto aliyelala na mafua. Akauteremsha, akaumimina katika nyungu kubwa ya udongo, akaketi kando yake kwenye kigoda kungoja upoe.

Hapo ndipo penye kazi, katika kungoja. Mizizi ya munkoyo, ile iliyopondwa ikawa kama nyuzi za kamba, haitumbukizwi katika moto. Mama yake Ngosa alimfundisha kipimo: tia kidole cha mwisho ndani ya uji, sali Salamu Maria kwa mwendo wa kawaida, na ukiweza kufika "amina" bila kuchomoa kidole, basi tumbukiza. Baadaye, pasipo mtu kuongeza hata tone la maji, uji ule unalegea wenyewe. Asubuhi ni mzito wa kubeba mwiko, mchana unateleza, kesho yake unatiririka, mtamu, una sauti ndogo ndani yake. Ngosa alikuwa na umri wa bibi sasa, lakini jambo hilo lilikuwa bado linamshangaza kama siku ya kwanza. Alizoea kusema, "Miye napika uji tu. Munkoyo, njo Mungu anapikaka."

Kidole chake kilikuwa kingali kinaungua alipokijaribu mara ya pili. Na filimbi ikalia barabarani.

"Sitoyene Ngosa! Salongo!" Alikuwa Kalaba, mkuu wa kambi upande wa chama, aliyemwita kila mwanamke "mwananchi" kwa Kifaransa, kofia yake ya kijani imekaa upande. Hiyo ndiyo salongo: Jumamosi asubuhi kila mtu alitoka kufagia kwa ajili ya taifa, mgonjwa na mzima. "Fagio iko wapi? Unangojea nikuletee ku kitanda?"

"Baba Kalaba, acha nimalizie nyungu yangu. Nitakuya sasa hivi."

"Nyungu haina mu chama. Weye njo uko mu chama. Toka!"

"Nyungu ya misa, baba."

"Hata ya sultani. Nahesabu mpaka tano. Moja!"

Ngosa akatumbukiza kidole, akaanza kwa haraka. Alifika "umejaa neema" tu, kidole kikaungua, akakichomoa. Kalaba alikuwa amefika tatu. Ngosa aliangalia fundo la mizizi, akaangalia mlango, akajisemea kwamba moto kidogo hauna neno, utapoa wenyewe. Akatumbukiza fundo lote, akafunika nyungu na sinia, akatoka na fagio.

Walifagia maua. Barabara nzima ilifagia maua, wanawake wameinama, wazee wakijifanya kufagia, na nyuma ya migongo yao miti ikaendelea kumwaga mengine, polepole, bila ubishi. Waliyakusanya katika mafungu mafungu ya zambarau kama makaburi madogo ya wafalme, na walipogeuka barabara ilikuwa vilevile. Kalaba akakasirikia miti. Ngosa alifagia akiwa na kizunguzungu kidogo cha kutokula, na moshi wa bomba kubwa la kiwanda ukateremka ukachanganyika na maua, ule moshi wenye ladha ya chachu kooni. Kwa muda hakujua kama anafagia ardhi au mawingu.

Aliporudi jua lilikuwa utosini. Musonda, mke wa mwanawe Paulin, alikuwa amesimama kando ya nyungu na sinia mkononi.

"Mama, kuya uone."

Mwiko ulikuwa umesimama katikati ya uji peke yake, wima, kama mti wa bendera.

Ngosa akainama. Akauvuta mwiko, ukatoka na donge. Mizizi ilikuwa imepikwa. Imekufa. Alijua bila kuonja, akaonja hata hivyo: uji baridi wa unga, wa kubandikia karatasi ukutani.

"Pengine ikingoja?" akasema Musonda.

"Haitangoja kitu. Nimeichoma." Akaketi. "Kimbia ku soko, ununue muzizi mwingine. Fungua fundo ya kitambaa hii, iko makuta ya kutosha ndani."

Musonda alikwenda akarudi, jasho mpaka viwikoni. Soko lilikuwa limefungwa asubuhi kwa ajili ya salongo, na lilipofunguliwa wale wanawake wa Kasomeno waletao mizizi hawakuwapo. Lori lao limekosa mafuta njiani, ndivyo wanavyosema. "Haina hata muzizi moja, mama. Nimezunguka mara mbili. Banauza bitunguu tu."

Wakatazama nyungu. Wanawake wa barabara ile waliamini kwamba munkoyo unajua moyo wa mpishi. Ukiwa na moto ndani yako juu ya mtu, uji haulegei. Ngosa mwenyewe alikuwa amesema hivyo juu ya wengine, akicheka, kisimani. Kesho nyumba kumi na nne zingekusanyika, padri angekaa, mzee Anaclet angechukua kata, na ndani ya kata kusingetoka kitu. Na watu wasingehitaji kuuliza ni moto gani. Walikuwa wanaujua kwa jina.

"Tuweke maji na sukari," akasema Musonda kwa sauti ndogo. "Tukoroge nguvu. Bantu batakunywa, batasema merci."

"Na Mungu?"

"Mungu hakunywaka munkoyo, mama."

Ngosa alicheka bila kutaka. Kisha kicheko kikamwishia kinywani.

Mzee Anaclet akapita wakati huohuo, akikohoa kile kikohozi cha watu waliofanya kazi tanuruni miaka ishirini. Hakuingia. Akaegemea ua. "Mama Ngosa! Munkoyo inatembea?"

"Inatembea, baba," akajibu Ngosa. Uongo ukatoka laini kama mate.

"Muzuri. Juu mwaka ulipita ilikuwa chachu. Mon père, padri wetu, alikunywa na kufunga macho, bantu bakawaza anasali." Akaenda zake akicheka na kukohoa pamoja.

Musonda alingoja mpaka kikohozi kikafika mbali. "Iko muntu mumoja tu mwenye iko na munkoyo leo. Ukiweka ya kwake kidogo mu yako, itaamuka. Unajua namna hiyo kuliko miye."

"Usitaje jina."

"Sikutaja."

Mtu huyo alikuwa Mukuka, dada yake marehemu Floribert, mume wa Ngosa. Aliishi nyumba ya mwisho ya barabara hiyohiyo, karibu na reli, na aliuza munkoyo kwa watu wanaotoka kazini. Shirika alikuwa ameliacha. Jumapili alikwenda kanisa kubwa, akakaa nyuma, akatoka kabla ya wengine. Miaka saba ilikuwa imepita tangu Floribert afe, na tangu Mukuka aje na wajomba wawili, matanga hayajaisha, akabeba cherehani. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa mkono wa pili wa Ngosa. Alishonea nguo za kipaimara za watoto wa kambi nzima. Ilitoka mlangoni ikiwa begani mwa mjomba, na gurudumu lake likizunguka, likizunguka, likizunguka peke yake. Tangu siku ile wanawake hao wawili walipokutana barabarani mmoja alivuka upande wa pili. Barabara yenyewe ilikuwa imezoea.

"Nalala kidogo," Ngosa akasema. Akajilaza juu ya mkeka uwanjani kwenye kivuli cha ukuta, uso karibu na nyungu. Hakukusudia kulala kweli.

Floribert akatoka kazini. Alikuja kwa mlango wa nyuma kama alivyozoea, kofia ya chuma mkononi, na shingoni vumbi la kijani la shaba ambalo halikutoka hata kwa sabuni. Maua yaliangukia mabega yake na hayakuteleza. Hakuwa mgonjwa. "Nina kiu," alisema, na sauti yake ilitoka kama mtu anayesema chini ya maji. Ngosa akachota kata kutoka nyungu, akampa kwa mikono miwili. Floribert akainua. Hakuna kilichoshuka. Akaigeuza kata juu chini kabisa, na uji ukabaki ndani umeng'ang'ania, wala haukuanguka. Akachungulia ndani yake kwa jicho moja, kama mtu anayechungulia shimo la mgodi, akacheka kile kicheko chake cha puani. Hakukasirika. Akamrudishia kata. "Basi nitakunywa kwa Mukuka," akasema, akashika njia ya reli, akiacha nyayo katika maua, na nyayo zikajifuta moja baada ya nyingine.

Ngosa alifungua macho. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimehama, jua lilikuwa miguuni mwake. Aliketi. Halafu akanawa uso, akafunga kitenge cha pili juu ya kile cha kwanza kama mtu aendaye ugenini, akatoka.

"Mama, unaenda wapi?" Musonda aliuliza, ingawa aliona.

"Nakuya."

Safari ya dakika tano ilimchukua muda mrefu. Mara mbili alisimama. Mara moja alijifanya anatoa jiwe kandambilini.

Mukuka alikuwa amepanga vikombe vyake, akitazama reli. Alikuwa amenenepa, na nywele zake zilikuwa nyeupe mbele tu, kama amepuliziwa unga.

"Hodi," akasema Ngosa kwenye ua.

Mukuka akageuka. Akanyanyuka nusu, akabaki hivyo. "Macho yangu inanidanganya ao?"

"Njo miye."

"Kuko kifo?"

"Hapana. Kifo haina." Ngosa akaushika ua. "Njo munkoyo. Yangu ilikataa."

Mukuka akaachia kicheko kikubwa, kikavu, cha mtu ambaye amekitunza miaka mingi. "Ngosa! Weye? Weye mwenye ulisema mbele ya ndugu yangu ati munkoyo yangu iko kama maji ya kunawa?"

"Nilisema, ndiyo."

"Uliweka muzizi mu moto."

"Salongo, bwifi. Kalaba alikuwa ku mulango na anahesabu."

"Ah, Kalaba. Siku ya mwisho bantu bote batasema ilikuwa Kalaba." Lakini akasogeza kigoda kwa mguu. "Ikala."

Ngosa akaketi, na hapo akaiona. Vikombe vilikuwa vimepangwa juu ya meza nyembamba iliyofunikwa nailoni ya maua, na chini ya nailoni kulikuwa na miguu ya chuma yenye mikunjo anayoijua kuliko miguu yake mwenyewe. Pedali ilikuwa imefungwa kamba isiyumbe.

"Unaiangalia," akasema Mukuka.

"Sikukuya juu ya mashini."

"Iangalie tu. Sijue kushona, unajua. Hata kifungo. Miaka saba iko meza."

"Sasa uliikamata juu ya nini?"

Mukuka alishika kikombe akakipangusa, kilikuwa safi. "Ndugu yangu alilala ku hopitali siku tatu. Siku tatu! Na miye niko ku mashamba kule Kinsevere, nalima, naimba. Hata muntu mumoja hakuniletea habari. Nilipofika nilikuta misumari imeshaingia mu sanduku. Sikumuona uso. Tumbo moja tulitoka, na sikumuona uso." Akaweka kikombe chini, akakisogeza kidogo, akakirudisha. "Nikaangalia mu nyumba. Nikasema, basi, nitabeba kintu yenye mukono yake iligusa. Yeye njo alikuwa anaitia mafuta kila Jumamosi. Sikuwaza weye. Nilikuwa kama muntu mwenye kulewa."

Upepo ulipita relini. Ngosa alitaka kusema kwamba yeye hakujua, kwamba mtu mwingine alitakiwa apeleke habari, rafiki wa kazini, fulani mwenye baiskeli. Sentensi ilikuwa tayari. Miaka saba alikuwa nayo tayari. Na alipoifungulia kinywa, ndani yake ikatoka nyingine, ya zamani zaidi, kama panya anayetoka chini ya gunia: ukumbi wa hospitali, siku ya pili, na yule mwenye baiskeli amesimama mbele yake akiuliza, tumwambie dada yake? Na yeye mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, amechoka, amekasirika kwa jambo asilolikumbuka: tungoje kidogo, akija ataleta makelele.

Alikuwa amesema hivyo. Halafu alikuwa amesahau, na juu ya usahaulifu huo alikuwa amejenga nyumba akakaa ndani.

Akashuka kwenye kigoda mpaka magoti yakagusa udongo.

"Njo miye, Brigitte," akasema, akimwita kwa jina lake la ubatizo. "Baliniuliza. Iko muntu alikuwa na baiskeli, alitaka kukuya kukuita. Miye njo nilisema tungoje. Nilisema utakuya na makelele."

Mukuka hakumtazama. Alitazama reli kwa muda mrefu, taya lake likisogea kana kwamba anatafuna kitu kigumu. King'ora cha kampuni kikalia kwa mbali, na watu wa kwanza wa zamu wakaonekana wakija kando ya njia, wadogo kama sisimizi, na kofia zao zikimeta. Ngosa alingoja. Alijua kungoja. Lakini safari hii hakuwa na kipimo chochote cha kujua kama moto wa mwenzake umepoa.

Mwishowe Mukuka akapitisha kiganja chote usoni, toka paji mpaka kidevu.

"Nyungu yako iko kubwa namna gani?"

"Bwifi..."

"Nimeuliza nyungu. Acha magoti, utachafua kitenge. Iko kubwa namna gani?"

"Ya bantu makumi tano."

"Yesu wangu. Kikombe haitoshe. Tubebe ndoo nzima."

"Na bale ba kazi? Njo banakuya kunywa."

"Batakunywa maji. Mungu aliumba maji vilevile."

Wakabeba ndoo, mmoja huku, mmoja huku, mpini kati yao. Ilikuwa nzito, na munkoyo uliruka ukingoni kila walipokosana hatua. Mwanzoni kila mmoja alitembea mwendo wake na miguu yao ikalowa. Halafu, bila kuambiana, mmoja akafupisha hatua na mwingine akarefusha, na ndoo ikatulia. Barabara ilitazama. Mwanamke aliyekuwa anaanua nguo akabaki na shati mkononi. Kalaba mwenyewe, ameketi mlangoni pake na redio, alinyanyuka akavua kofia yake, asijue kwa nini, akaivaa tena. Jua la jioni lilikuwa limepita katikati ya moshi na maua, na hewa yote ilikuwa na rangi ya ndani ya ganda la konokono. Ngosa alisikia mpini ukimvuta bega na akawaza kwamba uzito huu ni mwepesi kuliko ule wa kuvuka barabara.

Nyumbani Mukuka alitazama uji, akatikisa kichwa, akavua kitambaa akakikaza upya. "Washa makala. Tuupashe kidogo, lakini kidogo! Baridi vilevile inaua."

Musonda aliwasha makaa kwa haraka ya furaha, akamwaga mengine chini. Waliupasha uji sufuria kwa sufuria, wakiurudisha katika nyungu, mpaka wote ukawa vuguvugu. Kisha wanawake wawili wakachutama pande mbili, kila mmoja akatia kidole chake cha mwisho.

"Sali weye," akasema Mukuka. "Miye nasalika mbio sana."

Ngosa akaanza. Katikati Mukuka alijiunga, kwa sauti nzito ya mtu anayesalia nyuma ya kanisa. Kwenye uji ule mzito hawakuonana vidole, lakini waliusikia moto mmoja. Walifika "amina" pamoja, wala hakuna aliyechomoa. Wakakaa hivyo kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Wakamimina ndoo. Munkoyo wa Mukuka ulishuka juu ya uji wa Ngosa ukatuama juu yake, mwembamba, wa rangi ya maziwa ya mahindi machanga, kama hautaki kuingia. Ngosa akazungusha mwiko. Ulizunguka kwa shida. Wakafunika kwa sinia, na juu ya sinia kitenge, na Mukuka akaaga kwa kusema tu, "Usiifungue mpaka asubuhi, nakujua."

Ngosa hakuifungua. Alilala akijua kuwa sasa hakuna kitu alichobakiwa nacho cha kufanya, na usingizi huo ulikuwa mtamu, hauna mtu ndani yake.

Jumapili, mwanga ukiwa bado wa kijivu, Mukuka alikuwa amekwisha fika, amevaa gauni la kanisa na viatu mkononi. Walifunua pamoja. Musonda alisogea na kibatari ingawa haikuwa lazima.

Mwiko ulikuwa umelala chini.

Ngosa alichota, akainua kata juu, akaiinamisha. Munkoyo ulishuka mwembamba, mrefu, usiokatika, ukafanya shimo dogo ulipogusa wenzake, na mapovu yakakimbilia pembeni yakinong'ona. Haikujulikana upi ulikuwa wa nani. Alijaribu kutafuta, kwa macho tu, akaacha.

Mukuka akaonja. Akafumba macho. "Sukari haitoshe."

"Inatosha."

"Ngosa, haitoshe. Unataka mon père afunge macho tena?"

"Nani alikuambia habari ya mon père?"

"Miye niko ku mwisho ya barabara, siko ku mwisho ya dunia. Weka sukari."

"Ukiweka sukari itakuwa ya batoto."

"Na siye njo nani?" Akamnyang'anya Musonda kopo la sukari akamimina mikono miwili mizima, na Ngosa akapiga kelele, na Musonda akacheka mpaka akalazimika kuketi chini kwenye maua.

Kwa mzee Anaclet walianza kugonga kipande cha reli, kle, kle, kle. Watu walikuwa wanatoka majumbani, vitenge vya aina moja, watoto wamepakwa mafuta. Mukuka akavaa kiatu kimoja. Akabaki na kingine mkononi.

"Mwende," akasema. "Miye nitabakia na nyungu. Inzi iko mingi. Nitailinda, mukimaliza misa muikuye kukamata."

Hakuwa anatazama inzi. Alikuwa anatazama barabara, ambako watu wa zile nyumba kumi na nne walipita, watu ambao hakuwa amewatazama usoni miaka saba.

Ngosa akaifunika nyungu kwa sinia. Akakunja kitenge mara mbili akakiweka juu, akakikaza pembe zote nne vizuri, kama anavyofunikwa mtoto. Kisha akainama, akachukua kile kiatu mkononi mwa wifi yake, akakiweka chini mbele ya mguu wake.

"Haina lazima ya mulinzi," akasema. "Jana usiku nani aliilinda?"

Mukuka alikitazama kiatu. Reli ikagongwa tena. Akaingiza mguu, akaushika mkono wa Ngosa ili asianguke, na hakuuachia hata aliposimama sawa.

Wakatoka kwa mlango wa mbele, Musonda nyuma yao na kata. Uwanja ulibaki hauna mtu. Ndani ya nyungu, chini ya kitenge, gizani, munkoyo uliendelea na kazi yake.